Pengwini wa macho ya njano na uyoga wa nyota wa Texas, nani adimu zaidi?

Mbishi wa Kudumu

Wakuu habari za muda huu. Kuna ubishi mimi na jamaa yangu tumeshindwa kuumaliza wenyewe ikabidi niulete huku kwa wanaojua. Yeye anasema hamna kiumbe adimu kama yule pengwini wa New Zealand mwenye macho ya njano, wenyewe wanamwita hoiho, eti wamebaki wa kuhesabika na kila msimu wanapungua. Mimi nikamwambia acha masihara, kuna uyoga unaitwa Chorioactis geaster, ni jamii ya uyoga wa kikombe, unaota Marekani hasa Texas na unaota Japani, basi, zunguka dunia nzima kwingine utachoka miguu. Sasa kitu kinachopatikana sehemu mbili tu, tena katikati kuna Pasifiki yote, na pengwini ambaye serikali inamlinda na sura yake iko kwenye noti ya dola tano ya New Zealand, hapo adimu ni nani?

Jamaa akaona anazidiwa akasema huwezi kulinganisha ndege na kuvu, ni vitu viwili tofauti. Mi naona kakimbia hoja. Ila kweli sijui kama kuna kipimo kimoja kinachotumika kwa wote wawili. Na kingine kinachonisumbua, uyoga mmoja uleule unafikaje Texas na Japani bila kupita kwingine? Nani aliubeba?

Anayejua anisaidie, na anayekuja kubisha tu aje pia, karibu.

---

Kisiki

Mkuu hapo umenigusa penyewe, huo uyoga nina ugonjwa nao. Ngoja nianze na umbo maana wengi wakisikia uyoga wanawaza mwavuli na huu hauna mwavuli wowote. Unatoka ardhini ukiwa kitu cheusicheusi kama kahawia iliyoiva, mrefu, umefumba, umejaa vinywele laini ukiupapasa kama mahameli. Wengine huuita sigara ya shetani na ukiuangalia hatua hiyo utakubali. Unakaa hivyo umefumba muda, alafu siku ukikomaa unapasuka kutokea juu, ile ngozi inachanika vipande vinne mpaka saba hivi, vinajikunja nje, ndani ndio unakuta rangi ya machungwa iliyopauka au kama maziwa yaliyochanganywa na asali, nyota kamili juu ya ardhi. Na wakati unapasuka unatoa moshi, sio moshi wa moto, ni spora, yaani vijimbegu vyake, zinarushwa kwa mkupuo, na ukiwa karibu unasikia sauti kabisa, ssssss. Kuvu zinazotoa sauti ya kusikika na sikio la kawaida ni chache mno.

Hiyo sauti inatoka wapi? Uyoga wa kikombe spora zake hazikai kwenye mapezi ya chini kama uyoga wa mwavuli, zinakaa upande wa ndani wa kikombe kwenye vijifuko virefu vyembamba vilivyopangwa vimesimama bega kwa bega, kila kifuko spora nane, na ndani maji yamejibana kwa presha. Uyoga ukifunguka hewa inabadilika ghafla, vifuko vingi vinafyatuka kwa pamoja. Kimoja kikifyatuka peke yake husikii kitu, vikiwa malaki kwa sekunde hizohizo unasikia.

Sasa historia. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1893 kutokana na sampuli zilizookotwa Austin, Texas, Underwood ndiye aliyeziokota, akamtumia mtaalamu anaitwa Peck, naye akauweka kwenye jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi ndugu), Urnula. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Elsie Kupfer akauangalia vizuri akaona hapana, huu haufanani na wenzake kiasi hicho, akautenga kwenye jenasi yake, Chorioactis, na mpaka leo humo ndani uko peke yake. Jenasi nzima spishi moja. Japani ukaonekana Kyushu mwaka 1937, alafu kimya, ukaja kuripotiwa tena huko baada ya miaka 36. Fikiria hiyo, miaka 36 hamna mtu anayeleta taarifa, na sio kwamba ulikuwa umekufa, ulikuwepo tu. Mwaka 2006 ukapatikana Nara karibu na Kawakami, msitu wenye unyevu, sehemu ambayo kabla hawakuwa wanaujua.

Kuhusu nani aliubeba: hakuna aliyeubeba. Walipima DNA ya wa Texas na wa Japani wakakuta hawa wawili wametengana kama miaka milioni 19 iliyopita. Milioni 19 mkuu, binadamu hayupo, meli hamna. Na sehemu zote mbili ziko karibu latitudo moja, digrii thelathini na kitu kaskazini. Wengi wanaeleza kwamba zamani misitu ya Asia mashariki na ya Amerika kaskazini ilikuwa imeungana kupitia kule juu Bering, kati ya Siberia na Alaska, kulipokuwa na nchi kavu na joto la kutosha, baadae baridi ikaja ikakata katikati, wakabaki hawa upande huu na wale upande ule. Kuna mimea mingi tu ina mpangilio huohuo, ndugu mmoja Asia mashariki ndugu mwingine Marekani, katikati patupu. Kwahiyo sio maajabu ya uyoga peke yake, ila kwa uyoga inashangaza zaidi kwa sababu watu tunadhani spora zinapeperuka popote.

---

Shakwe wa Kusini

Kisiki umeandika vizuri ila mi ntasimama na jamaa wa mleta mada, hoiho anashinda na hata sio karibu.

Watu wakisikia pengwini wanaona barafu na maelfu wamebanana. Hoiho sio huyo. Huyu anakaa msituni. Anatoka baharini jioni, anapita mchangani anatembea peke yake anapanda kwenye vichaka, na kiota chake lazima kiwe sehemu ambayo hamuoni pengwini mwenzake, na nyuma awe na kitu cha kuegemea, gogo au jiwe. Ukisafisha vichaka ukaacha nyasi wazi huyu hana pa kuzalia hata kama samaki wamejaa. Ana urefu wa sentimita 65 hivi, uzito kilo tano sita, na utepe wa njano unaozunguka kichwa kutokea jichoni mpaka kisogoni, huo utepe watoto hawana, wanaupata wakishamaliza mwaka na kitu.

Naye jenasi yake yuko peke yake, Megadyptes, ndugu wa karibu ni wale pengwini wenye kishungi. Kwahiyo hapo ngoma droo na uyoga wako. Ila ukweli ni kwamba hakuwa peke yake siku zote. Mwaka 2008 watafiti walitoa matokeo ya DNA ya mifupa ya zamani wakagundua kisiwa cha kusini cha New Zealand kulikuwa na mwingine kabisa, wakamwita waitaha, mdogo kidogo, ambaye alitoweka baada ya binadamu wa kwanza kufika na kuanza kuwinda. Nafasi ikabaki wazi, ndio hawa hoiho tunaowajua wakaja kutoka visiwa vya mbali kule kusini wakaijaza. Yaani hoiho unayemuona leo ufukweni Otago ni mgeni wa miaka mia kadhaa tu. Na 2019 wakatangaza mwingine tena aliyekufa, wa visiwa vya Chatham. Kwahiyo hii familia imeshazika wawili. Huyu ndio wa mwisho.

Sasa hali yake. Wako makundi mawili makubwa, la kaskazini ndio la kisiwa cha kusini pamoja na Rakiura, kisiwa kilicho chini yake, na la kusini ni visiwa vya Auckland na Campbell, na hawa hawachanganyiki sana kiasi cha kusema wakiisha huku wale watakuja kujaza. La kaskazini linaporomoka. Tangu 2008 viota vimepungua zaidi ya nusu, misimu ya karibuni viota vyote upande huo havifiki 200. Kila kiota mayai mawili. Na sababu sio moja ungesema tuitatue tuende nyumbani. Kuna nyavu za kutega zinazosimamishwa karibu na chini ya bahari, na hoiho ndio anakolia huko chini, anazama mpaka sakafuni kutafuta samaki, akinasa hapati hewa anakufa. Kuna wanyama walioletwa na watu, wale wa jamii ya kicheche, fereti, paka, na mbwa wa watu wanaotembea ufukweni. Kuna bahari yenyewe kupata joto, samaki wanahama au wanakuwa wadogo, kifaranga anakufa njaa. Alafu kuna dondakoo la ndege, vifaranga wanatoka vidonda mdomoni hawawezi kumeza, inabidi watu wawatoe kiotani wakiwa wadogo sana wawatibu, wawalishe kwa mkono, alafu wawarudishe kwa wazazi. Dunedin kuna hospitali ya wanyamapori ilifunguliwa 2018 na hoiho ni wagonjwa wake wa kila msimu.

Na kuna jambo la manyoya. Kila mwaka anabadilisha manyoya yote kwa mkupuo, wiki tatu hivi anakaa nchi kavu, haingii majini maana hana koti la kuzuia maji, hali kitu. Kabla ya hapo inabidi ale anenepe mpaka kilo nane. Mwaka ambao samaki ni wachache anaingia hizo wiki tatu akiwa amekonda, ndio mwisho wake, utamkuta ufukweni amesimama anatetemeka manyoya nusu yamedondoka.

Uyoga hauna hayo mateso bwana.

---

pita_njia

mimi nimesoma mpaka kwenye uyoga unaotoa sauti nikarudi juu kuhakikisha nipo kwenye uzi sahihi 😂 naendelea kufuatilia

---

Mtu wa Hesabu

Naona mnaleta sifa, mleta mada kauliza kipimo. Kipimo kipo, na ni kilekile kwa wote: orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inayopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka. Wanaangalia vitu vichache, mmeshuka kiasi gani ndani ya miaka kumi au vizazi vitatu, ile inayokuwa ndefu zaidi, eneo lenu ni kubwa kiasi gani, mmebaki wangapi mlio watu wazima wa kuzaa. Ukishuka asilimia 50 unaingia hatarini, ukishuka 80 unaingia hatarini zaidi kabisa, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Ukibaki chini ya 250 kwa idadi peke yake unaingia hatarini, chini ya 50 daraja la mwisho. Hoiho kwa dunia nzima yuko daraja la "hatarini".

Shida inaanzia hapo kwenye "watu wazima wangapi". Pengwini mmoja ni mmoja, unamhesabu. Uyoga mmoja ni nini? Ile nyota uliyoiona ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni nyuzi zilizoenea ndani ya mbao iliyooza na mizizi chini ya ardhi, huzioni. Kisiki kimoja kinaweza kutoa nyota sita mwaka huu zote zikiwa za kiumbe kimoja, au zikiwa za viumbe vitatu tofauti walioshiriki kisiki, bila kupima vinasaba hujui. Na mwakani kisitoe hata moja na kiumbe kiko hai vilevile. Kwahiyo wanaotathmini kuvu wamejiwekea kanuni, wanachukua idadi ya sehemu zinazojulikana, wanazidisha kukadiria zile ambazo hazijagunduliwa, alafu wanakadiria kila sehemu ina viumbe wangapi. Namba ya mwisho inategemea sana umezidisha kwa ngapi.

Ndio maana ndege wote kama elfu kumi na moja wameshatathminiwa, wote, hakuna aliyeachwa, wakati kuvu zilizopewa majina ziko kama 150,000 na zilizotathminiwa zilipita 1,000 mwaka 2025 tu hapa. Kwahiyo jibu langu ni kwamba mnabishana juu ya mtu mwenye cheti cha kuzaliwa na mtu asiyehesabiwa kwenye sensa.

---

Mbishi wa Kudumu

Mtu wa Hesabu hapo umeniua. Ila hebu tusaidiane, Shakwe kasema viota chini ya 200 upande mmoja. Hao wamehesabiwaje kama wanajificha vichakani na hawapendi kuonana? Isije ikawa nao ni makadirio tu alafu tunawaonea uyoga.

---

Shakwe wa Kusini

Swali la haki. Kisiwa cha kusini kuna watu wanaingia vichakani kila msimu wa kuzaa, wanapita sehemu kwa sehemu wanatafuta viota kwa miguu, wanakunjua majani wanachungulia. Wengi wa hao ndege wanavalishwa alama au kuwekewa chipu ndogo chini ya ngozi kwahiyo wakikutana naye mwakani wanajua huyu ni yule wa kiota cha pale chini, mama yake nani, alizaa lini. Baadhi ya fukwe wana rekodi za ndege mmojammoja miaka na miaka. Namba ya huko ni ya kuamini.

Visiwa vya mbali ndio kimbembe. Kule Auckland na Campbell kufika kwenyewe ni safari ya meli kwenye bahari chafu, huwezi kuingia kila kichaka. Wanachofanya wanakaa ufukweni alfajiri wanahesabu wanaoshuka kwenda baharini kula, alafu kutoka hapo wanakadiria wazazi wangapi. Kwahiyo upande huo ndio, ni makadirio, tena kwa miaka mingi watu walikuwa wanajipa moyo kwamba kaskazini wakipungua basi kusini wapo wengi. Kuwepo wengi ambao hujawahesabu vizuri ni tumaini zaidi kuliko takwimu.

---

Kisiki

Afadhali umekiri. Kumbe hata ndege wenu nusu yao wanahesabiwa kwa kuchungulia ufukweni.

Ila nataka kurudi kwenye hili la "uyoga hauna mateso". Una mateso ya aina yake. Texas unaota kwenye visiki na mizizi ya mti mmoja hasa, elmi unaoitwa Ulmus crassifolia, mti wenyewe ukiwa umekufa. Japani unaota kwenye mialoni iliyokufa. Ule mguu wa uyoga urefu wake unategemea mzizi uko chini kiasi gani, mzizi ukiwa juu mguu mfupi, ukiwa chini unakuta mguu mrefu mweusi umechimba kutafuta hewa. Sasa chukulia mtu mwenye kiwanja, mti umekufa, anakata, anaita mashine inasaga kisiki mpaka chini kwa sababu kinaharibu muonekano. Amefuta kiumbe ambacho pengine kiko hapo miaka mingi, na hana habari. Hakuna damu, hakuna mzoga, hakuna picha ya kutia huruma ya kupeleka kwenye habari. Pengwini akinasa kwenye wavu anapigwa picha.

Na njia za kuwalinda zinapishana kabisa. Hoiho unamlinda kwa kufanya vitu: tega mitego ya vicheche, panda miti, tibu vifaranga, zuia nyavu. Uyoga unaulinda kwa kuacha kufanya vitu: acha kisiki, acha kuni zioze, acha bonde la mto lilivyo. Mwambie mtu akupe hela ya mradi wa kutofanya kitu uone.

---

Dada Mkorofi

Kaka Kisiki mimi nina swali la kijinga. Kama uyoga unarusha spora nyingi hivyo mpaka unasikika, na upepo upo, kwanini haujajaa kote? Elmi zipo sehemu nyingi, mialoni ndio usiseme. Pengwini naelewa, ana mayai mawili na mguu mfupi.

---

Kisiki

Dada sio la kijinga hata kidogo, ndilo swali lenyewe.

Kwanza spora za huu uyoga ni kubwa na nzito kulinganisha na kuvu nyingi, kitu kikubwa hakipeperuki mbali kama vumbi. Pili kufika sio kuota. Spora idondokee kwenye mbao ya mti sahihi, iliyokufa kwa kiwango sahihi, unyevu sahihi, na ikute nafasi, maana kisiki kilichokufa hakikai bure, kuna kuvu nyingine mia zimeshaingia zinapigania mbao hiyohiyo. Tatu hatujui mengi kuhusu namna nyuzi zake zinavyoanza maisha, unachokiona siku zote ni mwisho wa hadithi.

Alafu kuna hili la macho. Inaota kuanzia majira ya baridi yanapoingia, kama Oktoba mpaka miezi ya mwanzo wa mwaka, imejichanganya na majani makavu, rangi yake kahawia, kabla haijafunguka ni kama kinyesi cha mnyama, samahani kwa lugha. Watu wanapita juu yake. Ndio maana Japani ilipotea miaka 36. Tangu 2021 ilipotangazwa kuwa uyoga rasmi wa jimbo la Texas watu wengi zaidi wanaijua kwa sura, na mtu anayeijua kwa sura ndio anayeiona.

---

Mtu wa Hesabu

Naongezea kidogo kwa dada. Hilo ndilo linalofanya nisikubali hoja ya mleta mada ya "sehemu mbili tu". Kupatikana sehemu mbili ni uadimu wa ramani, sio lazima uwe uadimu wa idadi. Kuna viumbe wanapatikana bonde moja tu duniani ila ndani ya hilo bonde wamejaa. Na kuna viumbe wamesambaa mabara matatu ila kila sehemu wako wawili watatu. Mkichanganya hizi mbili mtabishana mpaka kesho. Huko Texas ya kati mtu anayejua aende kwenye elmi zilizokufa msimu wake anaweza kuiona, sio jambo la bahati nasibu. Hoiho kwa upande mwingine ramani yake sio ndogo kihivyo, inateremka kutoka karibu na rasi ya Banks mpaka kisiwa cha Campbell, hilo ni eneo refu la bahari, ila waliomo ndani ndio wanaisha.

Kwahiyo ukitaka neno moja: uyoga adimu kwa ramani, pengwini adimu kwa mwelekeo. Na mwelekeo ndio unaoua. Kitu kilichokuwa kidogo miaka milioni 19 na bado kipo kimezoea kuwa kidogo. Kitu kilichokuwa kingi juzi na leo ni nusu kina tatizo la haraka.

---

Shakwe wa Kusini

Asante. Ndicho nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema.

---

Kisiki

Sikubaliani moja kwa moja. Unasema "kimezoea kuwa kidogo" kana kwamba umekihesabu miaka milioni 19. Hatuna namba ya zamani. Huenda kulikuwa na nyota kila bonde la Texas kabla ya mashamba na barabara, huenda haikuwa hivyo. Kwa pengwini una mstari unaoshuka kwa sababu kuna mtu alianza kuhesabu mapema. Kwa uyoga huna mstari kabisa, alafu unachukua kutokuwepo kwa mstari unasema hali ni shwari.

---

Mtu wa Hesabu

Hapo nakupa. Sina cha kujibu, hoja imesimama.

---

pita_njia

sasa jamani mleta mada alisema jamaa yake kadai ndege na kuvu havilinganishiki, hilo hamjajibu mmeruka

---

Dada Mkorofi

Hilo nalijua mimi sio mtaalamu lakini nalijua. Kuvu na wanyama ni ndugu wa karibu kuliko kuvu na mimea. Ukipanda kwenye ukoo, mimea ilishajitenga zamani, kuvu na wanyama wakaendelea pamoja kwa muda ndio wakagawana. Uyoga haujitengenezei chakula kwa jua, unakula vya wengine kama sisi, tofauti unamwaga vimeng'enya nje unayeyusha mbao alafu unafyonza. Kwahiyo huo uyoga ni ndugu wa hoiho kuliko unavyokuwa ndugu wa elmi unayomla. Mwambie huyo jamaa alinganishe tu kwa amani.

---

Mbishi wa Kudumu

Dada nimecheka lakini nimekopi hiyo naenda kumtumia sasa hivi.

Basi kwa nilivyoelewa mimi, na mnirekebishe, kwa ushahidi uliopo mezani jamaa anashinda, maana pengwini wake ana namba na namba zinashuka, mimi nina nyota na ramani. Inaniuma ila sawa. Swali langu la mwisho kabla sijafunga: hawa wa Texas na wa Japani waliotengana miaka milioni 19, na miti wanayokula ni tofauti, kwanini bado wanaitwa spishi moja? Pengwini waitaha na hoiho walitenganishwa kuwa spishi mbili na naamini hawakuachana muda mrefu hivyo.

---

Kisiki

Kwa sababu ukiwaweka mezani hawa wawili huwatofautishi kwa macho, na kuvu kwa muda mrefu zimepewa majina kwa sura. DNA inaonyesha matawi mawili yaliyo wazi kabisa, ila hakuna aliyekaa chini akawatenga rasmi kwa jina. Waitaha mifupa yake ilikuwa na tofauti ya ukubwa na vinasaba vikaungana na hoja hiyo, ikawa rahisi.

Siku mtu akiwatenga, wa Japani atakuwa spishi yenye sehemu chache mno zinazojulikana, kama Kyushu na Nara, kwenye misitu ya mialoni iliyobaki vipandevipande, na tayari huko kwao wameshamuweka kwenye orodha nyekundu ya taifa. Hapo uje ufungue uzi mwingine na jamaa yako, maana utakuwa na nafasi ya kushinda.

---

Shakwe wa Kusini

Na mimi ntakuja na hoiho wa kaskazini peke yake, tukutane hapo.